Tundu la Nne

Baba,

Assalamu alaykum, ingawa najua jibu lako sitalisikia. Nakuandikia jikoni kwangu hapa Al-Naseem, Riyadh, ni asubuhi, chai imeshapoa, na gari lako dogo la mbao liko juu ya friji. Nimeliweka huko kwa sababu mezani halitulii. Hata huko halinipi raha. Friji likianza kunguruma, lile gurudumu la mbele kushoto, lisilogusa chini, huzunguka lenyewe taratibu. Najua ni mtetemo tu. Najua, na bado mwili unanisisimka, nageuka nikitaraji kukuona umesimama pale na maranda yamekunasa ndevuni.

Umetutoka tangu Shaabani. Mama bado yumo edani, kule nyumbani Ghulail, Jeddah, na karakana yako imefungwa. Niliyeifungua mara ya mwisho ni mimi, siku ya hitma. Gari ulilokuwa ukilitengenezea mashindano yetu ya Idi ya kuteremsha magari lilikuwa limebanwa kwenye jiriwa, jembamba kuliko yote uliyowahi kuchonga, halikufika hata unene wa kidole changu cha mwisho. Nikalipangusa vumbi. Nikaona lina matundu manne ya kupitishia misumari ya magurudumu, na papo hapo nikajua kazi haikwenda kwa mpango wako.

Maana ni wewe uliyenifundisha. Toboa kwanza, ndipo urande. Kipande kikiwa bado kinene, na pembe zake zote, kinakaa imara na keekee haina pa kukimbilia, ukishakikondesha umechelewa. Nilikuwa na miaka tisa uliponipokonya randa kwa kuishika mapema, nikanuna siku nzima. Ukanifundisha kuuzungusha msumari kwenye keekee na kuusugua kwa tupa laini, halafu msasa wa maji, mpaka ung'ae kama vijiko vya wageni. Kusaga risasi ya penseli iwe unga wa kulainisha gurudumu, maana mafuta yanashika vumbi. Kuficha vyuma vizito nyuma, ili gari lipate msukumo mpaka mwisho wa mteremko. Tulipimia mizani ya Mama ya unga, naye kila mwaka akilalamika kwamba maandazi yake yananuka rangi.

Gari hili ulilikondesha kwanza, Baba. Ukaliacha bila tundu hata moja, na sababu yake naijua mimi peke yangu. Ulinipigia simu.

"Gari n'shaliranda, limebaki kutobolewa. Njoo unishikie keekee, mwanangu. Mkono wangu siku hizi hausikii."

Nikacheka. Nikakwambia kliniki tumezidiwa na wagonjwa, nitakuja wiki ijayo inshallah. Ukasema haya, hapana haraka. Wiki hiyo ilipofika nilikuwa na siku mbili za mapumziko, Baba, na nilizimaliza madukani nikitafuta mapazia ya sebuleni. Mapazia yenyewe wala siyapendi. Na wewe kule ukakaa ukiningoja, na kwa kuwa mikono yako haikuzoea kukaa bure, ukawa unaranda. Ndiyo maana gari limekuwa jembamba vile. Uliranda mpaka mbao ya kuranda ikaisha, nami sijatokea.

Kwa hiyo ukatoboa mwenyewe. Matundu matatu yako sawa. La nne ulikuwa umelitilia alama ya penseli pale pale panapostahili, na kutoka kwenye alama hiyo kulikuwa na mkwaruzo umepanda juu, mpaka kwenye tundu lenyewe. Keekee ilikuteleza, tundu likakaa juu kuliko mengine. Niliupitisha ukucha kwenye mkwaruzo huo polepole, na wallahi nilihisi mkono wako ukitetemeka chini ya wangu.

Mdogo wako, Ami Salum, aliniomba nilimalize, ili yeye na jamaa zako wote walione likikimbia kwa jina lako. Ningeweza kuliziba lile tundu kwa gundi na vumbi la mbao, nikatoboa upya. Kazi ya nusu saa. Sikuweza kuliziba tundu lako la mwisho. Lakini wala sikutaka mtu auone ule mkwaruzo. Nikachukua msasa nikausugua, na alama ya penseli nayo, mpaka vyote vikapotea, nikapaka vanishi juu yake.

Idi tulikodi istiraha, nyumba ya mapumziko, nje ya Riyadh kama kawaida, wakaja na jamaa wa Jeddah. Tukaiunganisha njia yako ya mbao, ile ya mteremko. Gari lako likashinda, Baba. Lilishuka kimya, halikuyumba, likayaacha mengine yote nyuma. Unakumbuka Ami alivyokuwa akiinua gurudumu moja makusudi, ili yaguse matatu tu na gari liwe jepesi kwenda, nawe ukimtania kwamba gari lake linachechemea na kwamba aliyepewa magurudumu manne ayatumie yote manne. Basi alilichukua lako, akaligeuza, akaliona gurudumu limeinuka. Akaketi pale pale kwenye zulia, mtu mzima, akalia.

"Kaka kanikubali," alisema. "Mwisho wake kanikubali."

Watu wakampiga mabegani. Mimi nikageuka nikaanza kuifungua njia ya mbao.

Akampigia Mama simu kumpa habari. Mama akaomba kusema na mimi. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Baba yako hakuwa mtu wa kuinua gurudumu," akasema. "Alikwambia kitu?"

Nikamwambia la.

Tangu msiba, kila anayekwenda kumpa pole huambiwa kwamba ulikwenda salama, hukumsumbua mtu. Hilo ndilo linalomtia nguvu. Nami tangu siku ile nasikia randa. Naisikia koridoni ninapofua, naisikia kliniki ninapofungua mafaili, ule mwendo wako mrefu halafu kimya cha kupuliza maranda. Gari nililifungia kabatini siku tatu, nikawa naliwaza zaidi, nikalitoa. Sidhani kama umenikasirikia. Hasira zako nazijua, hazikuwa zikimaliza dakika tano. Kinachonisumbua ni kwamba hukukasirika. Ulisema hapana haraka, ukaamini nitakuja.

Leo nimepangusa meza, nikaliteremsha gari, nikalitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu Idi. Vanishi haikuficha chochote. Wengine hawataona kitu, lakini mimi nauona ule mkwaruzo wote, mwanzo mpaka mwisho.

Eda ya Mama inaisha Jumatano. Alhamisi nipo Jeddah, tikiti nimeshakata, na gari nitalibeba mkononi. Kuhusu Ami, nitamwachia Mama aamue aambiwe nini.

Pumzika, Baba. Mola akupanulie hapo ulipolala, akutulizie mkono wako. Nakuahidi sitangoja hata kahawa imiminwe. Nitakaa chini mbele ya Mama, nimpe gari alishike, nimwambie: aliniita, Mama, na sikwenda.

Mwanao,
Nasra