Kwa Bi Nyundo, Aliyeuliza Nani Hakai Karibu na Moto

Mwaka umetimia, Mama Mdogo, tangu moyo wako uliposimama asubuhi ile, mkoba wa safari ukiwa tayari mlangoni na mwenye boti akikungoja gatini. Alikupigia simu akutanie kwamba leo umechelewa wewe, si yeye. Baba Mdogo, mumeo, ndiye aliyeipokea, akalia. Mwenye boti akaelewa, akazima injini.

Ndugu walikaa wakasema niandike mimi. Nilikataa, nikasema shule niliishia darasa la nne. Baba Mdogo akanijibu, "Nani kakuomba insha? Wewe ndiye uliyekuwa unafuatana naye. Andika." Basi naandika kwa niaba ya wote.

Kwa wasiokujua, ulikuwa nesi wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, wa pekee katika visiwa vyetu vidogo. Kifafa, kiharusi, watu wanaotetemeka mikono, wenye vichwa visivyokoma kuuma, wote walikuwa wako. Watoto walikuita Bi Nyundo kwa sababu ya kile kinyundo cha mpira cha kugongea magoti. Siku moja fundi seremala alikucheka. "Nyundo gani hiyo, haipigi hata msumari?" Ukamwambia aketi, ukamgonga, mguu ukaruka ukapiga kikombe cha chai yake mwenyewe. "Haya, msumari umeingia," ukasema. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Hukuweza kukaa na mtu bila kumpima. Baba Mdogo husema kwamba alipokuja kukuposa, ulimtazama kwanza anavyotembea. Chai yako uliinywa imepoa kila siku, kwa sababu hukukubali kumkatisha mgonjwa maneno. Yule mzee aliyepatwa na kiharusi, ambaye neno moja lilimchukua muda mrefu kulitoa, ulimngoja huku ukimtazama usoni. Sisi tukitaka kumsaidia kulimalizia, ulitukanyaga mguu chini ya meza. "Neno ni lake. Mwacheni alitoe."

Ulipenda kusimulia kosa lako mwenyewe, nasi tunalisimulia kwa mapenzi. Mwaka wa kwanza wa utafiti wako wa kuwahesabu wagonjwa, wewe ulipita nyumba kwa nyumba ukiuliza, "Humu kuna mwenye kifafa?" Kisiwa kizima kikakujibu hakuna. Ulimuuliza hata dada yako, mama yangu, naye akasema hakuna, nami niko nyuma ya pazia nasikia. (Mama ameniruhusu niliandike hili.) Ukarudi hospitali ya kisiwa kikubwa na jibu hilo, wakubwa wakafurahi. Kama wagonjwa hakuna, dawa za nini?

Kisha ukaja kututembelea tu, kama ndugu, ukakaa jikoni. Chungu kikafurika. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, lakini Mama aliruka kutoka upande wa pili akanisukuma kando.

"Mbona huyu hakaribii moto?" ukauliza.

"Mvivu tu huyo," Mama akasema.

"Dada, mvivu husukumwa aende kwenye kazi. Wewe umemsukuma atoke."

Mama akalia. Akakueleza jinsi nilivyoanza kuanguka darasani, jinsi wenzangu walivyokimbia, jinsi alivyonitoa shule na kusema nina macho mabovu. Hukumlaumu. Ulimshika mkono ukamwambia, "Hata mimi nilikosea kuuliza."

Tangu hapo uliacha kulitaja jina la ugonjwa mlangoni. Ulibisha hodi, ukauliza hali, mazao, watoto, halafu taratibu, "Na humu ndani, nani hakai karibu na moto? Nani haendi kuoga baharini peke yake?" Ulitufundisha kwamba watu wataficha ugonjwa, lakini tahadhari hawawezi kuificha. Nyumba zilizosema hakuna zikaanza kusema, "Yupo mmoja." Dawa zikaanza kuja na boti kila mwezi. Na majibu ya utafiti uliyasoma kwanza hapa kwetu, ukumbini, kabla hayajafika kwa wakubwa. Ulisema, "Habari zenu msizisikie kwa wengine."

Madaktari wanafunzi walipoletwa kwako, hukuwapa nyundo. Uliwapeleka kwanza wakaishi nyumbani kwa wagonjwa, wateke maji, wale walichopikiwa, waone mtu anavyoamka na anavyolala. Kisha uliwalaza sakafuni ukumbini, wajifanye wameanguka, na watu wa mtaa waje kujifunza kuwasaidia. Kinyozi alikuja na kijiko.

"Cha nini hicho?" ukamuuliza.

"Cha kumtia mdomoni asijing'ate ulimi."

"Ukitaka kumlisha, mngoje aamke kwanza. Weka kijiko chako. Mlaze ubavu, legeza shati, kaa naye. Basi."

"Basi tu?"

"Kukaa naye ndiyo kazi, bwana. Wengi hukimbia."

Leo kinyozi ana bango dukani la namna ya kumlaza mtu, na anamsomea kila anayenyolewa, atake asitake.

Lakini kuna nyumba moja ulituachia, Mama Mdogo, na ndiyo iliyokuwa ikikukosesha raha. Ile ya mama mwoka mikate. Kila ukibisha hodi alikujibu kabla hujauliza, "Karibu, Bi Nyundo. Mikate ipo, wagonjwa hakuna." Ulipouliza nani hakai karibu na moto, alicheka. "Hapa? Tanuri hilo hapo, sote tunaungua pamoja." Ukanunua mikate miwili, tukaondoka. Mwezi uliofuata hivyo hivyo, mpaka Baba Mdogo akauliza kama umefungua duka.

Njiani uliniambia umeona viatu vya msichana mlangoni, juu vimepauka kwa jua, soli mpya kabisa. Vimewekwa, havijatembea. Nilikuambia tumlete mwenyekiti wa mtaa, mlango ufunguliwe. Ulisimama. Ukasema, "Hatumtoi mtu kwa nguvu. Anayefichwa, mara nyingi anafichwa na wanaompenda. Tutarudi." Safari uliyokuwa umeifungia mkoba asubuhi ile ilikuwa ya kurudi huko.

Daktari kijana, mmoja wa wale uliowalaza sakafuni, ndiye anayekuja sasa na boti. Aliniomba nipite naye nyumba kwa nyumba kwa kuwa watu wananijua. Unajua nilivyo. Mbele za watu sauti yangu inakwenda zake. Ila kwa mama mwoka mikate nilimwambia aningoje njiani, nikaingia peke yangu.

Alikuwa anakanda unga. Akasema, "Leo Bi Nyundo hayupo wa kukusemea. Miwili, kama kawaida?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Lilitoka moja tu. Nikamwambia, "Mama, kwetu mimi ndiye niliyekuwa sikai karibu na moto."

Akaendelea kukanda. Kisha mikono ikasimama.

"Na sasa?"

"Nameza dawa. Napika."

"Unapika wewe mwenyewe?"

"Wali unaungua kidogo, lakini napika."

Alinitazama kwa muda, kama anayenitafuta kovu. Hakunawa hata mikono. Alifungua mlango wa chumba cha nyuma akasema, "Njoo uone mgeni."

Akatoka dada mkubwa kuliko mimi, mrefu, mweupe wa kukosa jua. Alama ya kuungua ilimpita mkononi kutoka kiwiko hadi vidole. Nikaelewa kwa nini mama yule alimfungia. Alianguka mara moja tanurini, na mama hakutaka kuwe na mara ya pili.

"Ni wewe wa mikate miwili," akaniambia. "Sauti yako naijua. Unaongea kama mtu anayeomba radhi."

Tulicheka sote watatu, mama akicheka na kulia. Daktari aliitwa kutoka njiani, akapewa kigoda. Alikumbuka ulivyomfundisha, hakumkatisha dada yule maneno. Chai yake ilipoa.

Dada huyo sasa anakuja kliniki mwenyewe kila mwezi. Bado anaanguka mara moja moja, na dawa bado zinarekebishwa, sitaki kukudanganya. Lakini huanguka mbele ya watu wanaojua la kufanya. Juzi alianguka mbele ya kinyozi. Alipoamka, aliyemshika bega alikuwa kinyozi, na mteja aliyenyolewa nusu kichwa alikuwa amekaa chini akingoja naye.

Nilipowaambia watu kwamba tunaandika kumbukumbu yako, mama mwoka mikate alikuja nyumbani akaomba aandikwe pamoja na familia. Baba Mdogo akasema, "Mikate yote ile, wewe ni ndugu." Nikamuuliza bintiye kama nimwandike hapo hapo, pamoja na mama yake.

"Hapana," akasema. "Nimekaa miaka mingi ndani ya jina la mama. Mimi niandike peke yangu, mstari wangu."

Unakumbukwa na mume wako, fundi wa injini za boti, wanao wawili, dada yako, ambaye ni mama yangu, kaka yako na mkewe, mimi mtoto wa dada yako, daktari kijana, kinyozi, seremala, na mama mwoka mikate.

Na unakumbukwa na mimi, wa chumba cha nyuma, ambaye hukuwahi kuniona.

Sote hatutakusahau maisha yetu yote.