Baridi ya Mama Furaha

Jumanne usiku

Na kweli tukapatia! Mpaka sasa usingizi hauji.

Asubuhi aliletwa hospitalini kwetu Mama Furaha, msusi Mkongomani wa mtaa wa Hillbrow hapa Johannesburg, kagongwa na teksi. Wenzangu wote walikuwa wanahangaika na mguu wake uliovunjika. Mimi tu ndiye niliyeelewa alichonong'ona kwa Kiswahili cha kwao: "Dada, niko nasikia baridi sana." Presha nayo ilikuwa inashuka, dalili kwamba damu inavuja ndani. Nikaingiza vipimo kwenye ile programu mpya inayotabiri damu ya nani itashindwa kuganda. Ikawaka nyekundu.

Bosi, daktari mkuu wa zamu, akasema, "Tusubiri maabara."

Eish, maabara! Angekwisha kufa. Nikabishana naye mbele ya watu mpaka akakubali tumpe plazma ya kugandisha damu. Lakini nikawa najiuliza: Kama nimekosea, plazma yenyewe haba hivi...

Majibu yalifika mfuko wa pili ukiingia: damu ilikuwa haigandi. Bosi akanisogezea chai yake.

Jioni nikampitia wodini. "Dada, niko nasikia baridi." Moyo ukanilipuka. Nikamshika mkono, una joto zuri tu. Akanionyesha dirisha. Nikaenda kulifunga, nacheka peke yangu.