Kushoto kwa Luseno

Mbotela, Nairobi
9 Machi 1997

Kwa kaka yangu Patrobas,

Bwana asifiwe. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Rispa, na kwamba joto la Voi halijawashinda. Sisi hapa tunaendelea. Vivian alikuwa na mafua ila sasa amerudi shuleni. Baba Vivian anakusalimu sana. Barua hii naituma kwa mkono wa Kinyanjui, yule gadi wa treni, kwa maana posta siku hizi ni bahati yako.

Za Mbotela Wanderers si nzuri. Tumefungwa tena Jumapili, tatu bila, na sasa tuko wa pili kutoka mkiani. Wawili wa mwisho wanashuka ligi, na unajua tukishuka hakuna kampuni itakayotutazama.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka pale kwa Thuo kinyozi? Siku hizi watu hawaji kunyolewa, wanakuja kubishana na kubeti. Thuo ameandika mechi zote za mtaa nyuma ya kalenda na kila mtu anaweka chake. Wazee wanasema timu imechoka tu. Vijana wanasema mechi zinauzwa, na anayeziuza ni golikipa. Yaani Luseno wangu.

Jana nilikuwa napita na mafuta ya taa nikasikia mmoja akisema, "Huyo amekula chapaa. Lile goli la pili hata mimi na suruali ya kanisani ningedaka." Wakacheka. Thuo aliponiona akaongeza sauti ya redio.

Wewe ulikuwa katibu wa mashabiki miaka tisa kabla reli haijakuhamisha. Neno lako bado wanalisikia. Waandikie, kaka. Waambie wamjue mtu kabla ya kumchafulia jina.

Ni mimi dada yako,
Nangila


Voi
23 Machi 1997

Mpendwa dada Nangila,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Afya tunayo, maji ndiyo shida. Rispa anauliza kama kitambaa cha meza kilifika.

Nimesoma barua yako mara mbili, na nakuomba usinikasirikie kwa nitakayosema. Mimi nilimjua Luseno kama kipa kabla sijamjua kama shemeji. Mwaka ule alipodaka penalti mbili siku moja nilikuwa nyuma ya goli. Tulimbeba mabegani mpaka Jogoo Road, na kofia yangu ya kazi ilipotea siku hiyo.

Kwa hiyo nashindwa kuelewa. Kinyanjui ameona mechi tatu mwaka huu, ananihadithia kila treni yake ikilala hapa. Anasema magoli yanaingia kwa krosi za kawaida na Luseno hainui hata mkono. Anasimama kama mtu anayengoja basi. Kipa wa aina yake hafungwi hivyo, Nangila.

Mpira wetu umeoza, usinifundishe. Refa hula, viongozi hula. Mchezaji asiye na mshahara wa maana akila naye, nani atashangaa? Sisemi amekula. Nauliza. Kila wiki mimi naweka beti yangu kwa Wanderers, Kinyanjui anampelekea Thuo, na kila wiki inaliwa. Rispa ameacha kunigombeza kuhusu jambo hilo, na afadhali angenigombeza.

Muulize mumeo. Kisha uniambie ukweli, ili nijue kama nitamtetea au nitanyamaza.

Kaka yako,
Patrobas


Mbotela
13 Aprili 1997

Kaka Patrobas,

Nakusalimu. Sisi tuko.

Barua yako iliniuma mpaka nikaificha kwenye unga. Nilikuwa nimeapa kutosema, lakini wewe ndiye mtu wa pekee niliyebaki naye tangu baba afe, na siwezi kubeba hili peke yangu.

Luseno haoni vizuri. Nilianza kugundua mwezi wa kumi na moja. Nilimwekea chai upande wa kushoto akaimwaga, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Akamkanyaga Vivian ambaye alikuwa ameketi pale pale sakafuni. Tukaenda kwa daktari wa macho. Alimwekea mashine, akaniita na mimi ndani. Akasema ni presha ya macho. Akasema, "Mama, hii huanza pembeni ikielekea katikati. Jicho la kushoto limeliwa zaidi. Yaliyokwisha hayarudi. Dawa hii ya matone inachelewesha tu." Luseno akamuuliza kama anaweza kucheza mpira. Daktari akadhani ni mzaha.

Ukisimama mbele yake anakuona mpaka vishimo vya mashavu. Mpira ukitoka upande wa kushoto hauoni mpaka uwe umeshafika kifuani kwake, au wavuni. Hivyo ndivyo alivyoula huo mlungula.

Utauliza kwa nini asiseme. Unajua kazi ya kiwanda cha sabuni aliipata kwa sababu ya timu. Yeye bado ni kibarua, na wameahidi kuwaandika wachezaji kazi ya kudumu mwisho wa Juni. Akiandikwa, hata akiugua wana wajibu naye. Akisema sasa, ataondoka mikono mitupu. Alimwomba kocha ampumzishe kidogo, akidai ni mgongo. Kocha akamwambia kipa wa pili amevunjika kifundo, acheze hivyo hivyo. "Nikisema macho, nimekwisha," aliniambia. "Nikinyamaza, labda nitafika Juni. Wacha waniite mwizi." Kisha akageukia ukuta.

Mechi zimebaki nne. Tafadhali kaka, usimwambie mtu yeyote. Hata Rispa.

Dada yako,
Nangila


Voi
27 Aprili 1997

Dada yangu mpendwa,

Pole. Pole sana. Nimekosa usingizi kwa yale niliyokuandikia. Mwambie shemeji, au basi usimwambie, nisije nikatoa siri yako. Nimeweka humu pesa kidogo za dawa ya matone.

Kama anaweza, amwombe beki wa kushoto asimame karibu naye kwenye kona na krosi, ampigie kelele mpira ukija. Hakuna atakayeshangaa, mabeki hupiga kelele siku zote. Labda itasaidia mechi hizi chache.

Neno lako liko salama kwangu. Tunawaombea.

Kaka yako,
Patrobas


Mbotela
8 Juni 1997

Kwa Patrobas,

Natumai hamjambo. Sisi hatuko vizuri na sitazunguka.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili iliyopita, tulicheza na Komarock United. Sare tu ingetubakiza kwenye ligi. Mechi mbili zilizotangulia Luseno alikuwa amejitahidi. Lile shauri lako la beki lilisaidia, tukashinda moja tukatoka sare moja, na hata kwa Thuo walianza kumsalimia tena. Nilikuwa nimempigia pasi jezi. Nilikuwa na furaha, wacha nikuambie ukweli.

Tangu dakika ya kwanza Komarock walipitisha kila mpira kushoto kwake. Kila mmoja. Winga wao wa upande ule mwingine hakuguswa na mpira. Na walimweka mtu mmoja kazi yake ni kumzuia beki wetu asimkaribie. Kocha wao alikuwa akipiga kelele, "Kushoto kwa kipa, kushoto kwa kipa," mpaka watu waliokuwa karibu nami wakaanza kutazamana. Nne bila. Luseno alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama kuku. Goli la nne lilipoingia alikaa chini katikati ya milingoti, akashika magoti.

Jioni walikuja kwetu, kama watu thelathini. Wengine nimewapikia chapati Krismasi. Thuo alikuwa amewaonyesha kalenda yake: kuna mtu aliyeweka beti kubwa Wanderers wafungwe, jina halikuandikwa. Wakasema ni Luseno. Alitoka nje akasimama mlangoni, akawaambia ukweli. Aliwaambia yote, daktari na matone na kila kitu. Mmoja akamjibu, "Buda, macho yamepofuka siku ya kulipwa?" Jiwe la kwanza lilikuja kutoka upande ambao haoni. Ameshonwa nyuzi saba juu ya sikio.

Jumatano klabu ilimfukuza kwa kuuza mechi. Alhamisi kiwanda kikasema hakiwezi kuandika mtu wa sifa hiyo.

Kaka, walioujua upande wake wa kushoto walikuwa daktari, Luseno, mimi, na wewe. Daktari hajui hata timu anayochezea. Hata yule beki aliambiwa ni mgongo tu. Sikuulizi kitu. Nakueleza tu hesabu ilivyo.

Nangila


Voi
22 Juni 1997

Dada Nangila,

Sijui nianze vipi kukusalimu. Nimeanza barua hii jana, nikaiacha, na leo sikwenda ibada ili niimalize.

Ni mimi.

Msimu mzima nilikuwa nimeliwa. Nilikuwa nimefika kwenye pesa za Rispa za kununulia mashine ya kushonea, bila yeye kujua. Nikasema, kwa vile najua hali ya shemeji, najua hii mechi itakwendaje. Sikuona kama nauza chochote. Niliona Wanderers watafungwa hata nisipobeti, na angalau nitarudisha vya watu mahali pake. Ndivyo nilivyojiambia. Nilimpa Kinyanjui pesa ampelekee Thuo, jina langu lisiandikwe.

Kinyanjui akashangaa. Tulikuwa tunakunywa chai kwenye benchi la stesheni, treni ikingoja kichwa kibadilishwe. Akasema, "Wewe Patrobas, ubeti dhidi ya Wanderers? Una nini?" Nikamwambia nimechoka kuliwa. Hakuamini. Akaendelea kunichokoza, na mimi, kwa upumbavu wa kutaka kuonekana najua mpira, nikamwambia, "Kipa wetu haoni kushoto." Nilimwambia ni siri. Akaapa.

Nilisahau kwamba anaishi Komarock. Au sikusahau. Nimejiuliza sana swali hilo na sipati jibu la kunipendeza. Mpwa wake ni winga wa Komarock United, yule aliyepitishiwa mipira yote.

Pesa nilizoshinda nazituma zote kwa hawala ya posta, imo humu. Zitumie kwa macho ya shemeji. Na leo hii hii nimemwandikia Gedi, katibu wa klabu, nikamweleza kila kitu: kwamba beti ni yangu, kwamba Luseno hakujua, kwamba ni mgonjwa kweli na wamwulize daktari. Nimetia sahihi jina langu kamili. Watanilaani mimi na watamwachilia yeye. Ndilo jambo la pekee ninaloweza kufanya nikiwa huku mbali.

Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Kaka yako,
Patrobas


Mbotela
20 Julai 1997

Kaka Patrobas,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Vivian ni mzima. Jeraha la Luseno limefunga.

Gedi aliisoma barua yako mbele ya watu, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili uwanjani, baada ya mkutano wa kuchagua viongozi wapya. Aliisoma sawasawa, hakuongeza neno wala kupunguza. Mimi nilikuwa nyuma, nilikuwa nimekwenda kwa kuwa aliniambia kuna habari njema. Alipofika pale uliposema uliweka beti timu ifungwe, kelele zilianza, na ile sehemu ya macho haikusikika. Alijaribu kuirudia. Mzee mmoja akasimama akasema, "Shemeji anaweka pesa, shemeji anaachia mpira. Mnataka ushahidi gani tena?" Gedi akaikunja barua. Aliniangalia, maskini, akainua mikono hivi.

Zamani walikuwa na uvumi. Sasa wana barua yenye sahihi.

Nilipeleka karatasi ya daktari kwa mwenyekiti mpya. Akaisoma akanirudishia. Alisema hata yeye anaweza kupata karatasi kama hiyo kwa waghushi wa pale River Road kabla ya chakula cha mchana. Nikaenda kiwandani, askari wa lango hakuniruhusu kuingia. Kwa Thuo sipiti tena, nazunguka na njia ya kanisa.

Luseno hajakutukana. Nilipomsomea barua yako aliniuliza ule mpira wa goli la tatu ulipita juu ya mkono wake au chini. Nikamwambia juu. Akasema, "Nilidhani ni chini." Hiyo tu. Kuna siku natamani angepiga kitu.

Tumetoa notisi ya nyumba. Tunakwenda kwao Chavakali mwisho wa mwezi, kwa mama yake. Hatujui tutafanya nini huko. Kuna chai kidogo kwenye shamba, na kuchuma majani ya chai hakuhitaji kuona mbali, ndivyo anavyosema. Daktari alisema labda mwaka mmoja, labda miwili.

Hawala ya posta nimeirudisha humu. Niliipeleka mpaka dirishani, foleni ikafika kwangu, nikashindwa kutia sahihi. Mnunulie Rispa ile mashine, na umwambie ilikotoka, kwa maana siri nimeziogopa.

Jana usiku nilijaribu kukuandikia kwamba nimekusamehe, kama tulivyofundishwa. Nimechana karatasi mbili. Neno lenyewe naliandika, nikilisoma linakuwa uongo. Nilijaribu pia kuandika kwamba sikujui tena, na hilo nalo likawa uongo. Kwa hiyo sina la kukutumia ila habari hizi.

Usituandikie kwa sasa. Barua za kule hufikia dukani, na mwenye duka huzisoma kwa sauti kwa yeyote aliyepo.

Ni mimi dada yako,
Nangila