Chupa ya Tatu

Rumonge, Jumatano

Dada yangu mpenzi Asya,

Assalaam alaykum, na amahoro kwa wote hapo Kabonga. Magoti ya Mama yamepoa? Shemeji Majid bado anakoroma kama motaboti? Mimi mzima, nimenenepa, na bahati imenishika shati haitaki kuniachia: mtihani wa chupa nne kutoka Bujumbura, labo yetu ya vipimo imepata zote nne, na mkono ulioleta ushindi ni huu unaokuandikia. Msomee Mama hapo mara mbili.

Hizo chupa, Dada, hazitoki kwa mgonjwa. Wakubwa wanatia vijidudu wanavyovijua wenyewe, wanabandika namba tu, wanazituma kwa kila labo waone kama tunajua kazi au tunabahatisha. Sharti lao: asome yule anayesoma vipimo vya wagonjwa kila siku, na asiulizwe mtu wa nje.

Basi akapewa Irakoze, binti wa diploma, ana miezi minane tu hapa. Mimi miaka kumi na moja naosha vioo na kupaka rangi vipimo. Sokoni wauza ndagala wananiita Dogteri, na sijawahi kuwakatalia. Siku hizi wakija labo wananipita wakiuliza, yule dada mpole iko? Hata shefu wetu, mkuu wa labo mzee Pontiani, aliyekuwa akiniita nimchekeshe, sasa chai anakunywa na Irakoze, wanaongea Kifaransa cha puani. Changu kiliishia darasa la sita, kwenye ng'ombe na maziwa yake. Iliniuma, Dada. Irakoze akicheka, nilidhani ananicheka mimi.

Chupa ya tatu aliihangaikia siku mbili. Vijidudu viliota njano kwenye sahani ya kijani, akavitia dawa, akainua waya, ute ukavutika kama bamia. Akasema ni kipindupindu. Nikamwambia bamia kwetu tunapika, hatusomi. Akacheka, akanipa kijikaratasi cha majibu ninakili kwenye fomu, maana mwandiko wangu, unaujua, hata mkuu wa komini anautamani.

Kabla ya kunakili nikampigia simu Nuhu, anayefanya kazi kama yangu kwenye labo moja ya Nyanza-Lac. Akasema chupa ya tatu kwao ni kijidudu cha kawaida cha tumbo, akauliza huyo wetu diploma kaiokota wapi. Nikaandika la Nuhu. Niliwaza, majibu yakija nitatangaza kwamba ni mimi niliyeiokoa labo.

Yamekuja jana. Barua inasema chupa zilipangwa tofauti kwa kila labo, ili jirani asichungulie kwa jirani. Ya tatu yetu ilikuwa kipindupindu. Shefu akamwambia Irakoze mbele yetu wote kwamba kukosa kipindupindu kwenye ufuko huu, ambako watu wanakunywa ziwa, ni kukosa kila kitu, na kuanzia Jumatatu asiguse tena mikroskopi. Irakoze akaniuliza kwa sauti ndogo kama nakumbuka alichoandika. Nikajibu kwamba mimi nanakili tu ninachopewa. Akasema basi pengine alichoka, akakosea mwenyewe, murakoze Feruzi. Akanishukuru, Dada! Leo mchana kanimegea muhogo wake, na mimi, unayenijua, nikashindwa kuumeza.

Kijikaratasi chake sikukitupa. Kiko hapa mezani, kipindupindu kwa ule mwandiko wake wa kuku. Kesho asubuhi nakiweka mbele ya mzee Pontiani na kusimama hapo hapo, aseme atakalo. Akinifukuza, Majid aniwekee nafasi kwenye mtumbwi wake wa kuvulia, ila asiniwekee karibu na koromeo lake.

Wabusu watoto, mkande Mama magoti kwa mawese ya moto, na jirani Yasmini mwambie nimemkumbuka. Ila ule mwanzo usimsomee Mama. Ni uongo. Tulipata tatu kati ya nne, na iliyopotea niliipoteza mimi, kwa wivu.

Mdogo wako,
Feruzi