Nyonga za Tizón Ulizotuachia, Mama

Mwaka umetimia, Mama Ofelmina, tangu moyo wako usimame ghafla pale jikoni, na nyumba bado haijatulia. Baba akikaa, anainuka. Akiinuka, hajui alikuwa anakwenda wapi.

Watu wa mji wetu wa Aguadas wanakukumbuka kwa kofia ulizosuka, na kwa sakafu yako nyekundu iliyong'aa kwa nta hadi mgeni akaogopa kuikanyaga. Lakini nyonga za mbwa wako Tizón zilipokakamaa, akawa anateleza na kuanguka kama mlevi, uliikwangua nta yote kwa mikono yako, ukatandika magunia kutoka mlangoni hadi jikoni.

Jirani yetu Blanca Inés hakuacha kukutania. "Shoga, hii ni nyumba au ghala la kahawa?"

"Ngoja nyonga zako zianze kulia," ukamjibu, "utajua faida ya gunia."

Asubuhi za ukungu ulimwekea Tizón kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha ukamkanda mapaja taratibu, kwa vidole ambavyo vyenyewe vilikuwa vinauma. Ulimchanganyia chakula na mafuta ya samaki na ule unga wa dawa ya viungo vya mwili uliopewa na Nidia, daktari wa mifugo. Hukutudanganya. "Unga si muujiza," ulisema. "Unasaidia kidogo kidogo. Dawa kubwa ni kupunguza unene." Na Baba alipomtupia ngozi ya nguruwe ya kukaanga chini ya meza, ulimkata jicho. "Evelio, huo uzito unaomwongezea utambebea wewe?" Siku alipotaka kumpa vidonge vyake vya mgongo, ulimpokonya. "Dawa ya mtu inaweza kumwua mbwa! Muulize daktari kwanza."

Ulipoondoka, tulisahau yote. Waliokuja kutupa pole walimwonea Tizón huruma, kila mmoja akamkatia kipande cha arepa, mkate wetu wa mahindi. Ule unga wa dawa ukaganda kwenye kopo. Tizón akanenepa, hata asubuhi moja akashindwa kuinuka. Akajikojolea, akageuzia uso ukutani.

Mwanao Norbey alikuja kutoka Medellín. "Baba, anateseka. Mwache daktari amchome sindano, apumzike."

Baba alizunguka meza, akazunguka tena. "Mke wangu nimemzika. Huyu hajafa."

"Atamtunza nani? Wewe? Hata yai hujui kukaanga!"

Daktari Nidia alimpima, akampa dawa ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Akasema bado lipo la kufanya, ila mateso yakizidi tusimng'ang'anie. Basi Baba akaanza. Kitambaa cha kwanza kilikuwa cha moto mno, Tizón akamtolea meno. Tangu hapo Baba anakijaribu kwanza kwenye goti lake mwenyewe. Arepa alizifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Mimi, binti yako Luz Dary, nilimpitishia mbwa taulo chini ya tumbo nikamwinua, ili ajifunze upya kusimama. Tulilia, tukagombana, tukaanza tena.

Akakonda. Akasimama. Sasa anakwenda na Baba hadi uwanja wa kanisa na kurudi, kwa njia ya tambarare, polepole. Hajapona, Mama, ugonjwa huo hauponi. Ila anatembea. Norbey akipiga simu, anamwulizia mbwa kwanza, na Baba anamfokea: "Na mimi niliyekuzaa je, mshenzi wewe?"

Kabla ya kutoka, Tizón hupita kila chumba akikutafuta: jikoni, uani, upande wako wa kitanda. Mwanzoni Baba alikuwa akimvuta. "Hayupo, twende." Siku hizi hamvuti. Anasimama mlangoni, kamba mkononi, anamsubiri amalize.

Unakumbukwa na mumeo Evelio, wanao Luz Dary na Norbey, dada yako Aracelly, mjukuu wako Yeison, na jirani yako Blanca Inés.

Hatujazoea kukukosa, Mama, na hatutakusahau maisha yetu yote.