Nilipitisha Bila Kufungua

Alhamisi, 15 Januari 2026
Reine ametuma pull request yake ya kwanza. Anaomba kode yake iingie kwenye programu yetu, ile inayowatumia walimaji wa mpunga wa Bugarama meseji siku maji yanafunguliwa. Akaniambia, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake kazini: Yaya Rukundo, angalia vizuri pale pa kugawa mashamba, nina mashaka. Nitaangalia, nikasema. Lakini gari la ndoa ya binamu yangu Larissa lilikuwa linapiga honi nje! Nikaandika gh pr review --approve, ya kukubali, halafu gh pr merge, ya kuingiza. Basi, imeingia. Ile gh pr diff, ya kuonyesha mistari iliyobadilika — sikuiandika.

Jumamosi, 17 Januari
Mungu wangu. Meseji ya mashamba ya chini imeenda kwa watu wa juu. Maman Thacienne, mlimaji wa chini, hakujua maji yanakuja. Kitalu chake chote cha mpunga kimesombwa. Alipiga simu mwenyewe, hata hakupaza sauti. "Batoto bangu, sasa nipande nini?" Nikamwambia: tutakupigia.

Jumatatu, 19 Januari
Bosi, Papa Harerimana, hajui mambo ya kode. Aliuliza tu: nani aliandika hii? Reine akajibu: ni mimi. Hakunitazama! Bosi akamwambia abaki nyumbani kwanza. Reine akabeba mfuko wake, akashuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kuvuka kurudi kwao Bukavu. Mimi nilijifanya nasoma simu. Muoga.

Jumanne, 20 Januari
Nimefungua gh pr list. Ombi jipya — la Reine! Amerekebisha akiwa kwao, bila kutumwa na muntu. Leo nimesoma kila mstari, nikarudia. Nimejaribu kwa simu zetu. Kila shamba na meseji yake. Kazi safi.
Nikampigia. Kwa nini hukusema ni mimi niliyepitisha?
"Nilifikiri utasema mwenyewe, Yaya. Sikutaka kukutangulia."
Nilikosa pa kuweka uso.

Nimemwonyesha bosi. Amefurahi, lakini anataka nifunge ombi la Reine, niingize kode ileile kwa jina langu. Eti wakubwa wa koperative ya walimaji wasione tena jina la yule binti. Niliandika gh pr close. Kidole juu ya Enter... Nikafuta. Nikaandika merge, na jina la Reine limebaki pale pale.
Hiyo ilikuwa rahisi; kusema ni mimi niliyepitisha, bado.
Wakubwa wamefika, na Maman Thacienne yuko nao. Nasikia bosi akimwambia Maman: kijana aliyeokoa kazi yuko hapo ndani, anakuja kukusalimia. Ameniita mara mbili. Nimeitika: nakuja, Papa!
Bado nimekaa.