Aliyemwita Mauwa kwa Jina Lako

Mtoni kwa Azizi Ali,
Temeke,
Dar es Salaam.
14 Agosti, 1999.

Mpendwa kaka Twalib,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Kile kikohozi kimekuacha? Huku sie wazima, ila mama miguu bado inamsumbua, hasa akitoka kusali.

Juzi simu ilikatika kabla sijakueleza, ndiyo maana nakuandikia.

Mwezi uliopita Gaspar, jirani yetu anayetupokelea barua pepe zako kazini kwake, alituletea karatasi yenye jina lako. Ilisema umepata kibali cha kumchukua Mauwa akaishi nawe huko ng'ambo, na kwamba rafiki yako atampitia Ijumaa wapande ndege pamoja. Tusikupigie simu, eti umehama.

Kaka, niliamini. Nilimsuka mwanao, nikamfulia nguo, nikamwambia anakwenda kwa baba yake. Tangu mama yake afariki sijamwona akicheka vile.

Mama ndiye aliyekataa. Alitaka asomewe tena, kisha akasema, "Mie Twalib hajapata kuniandikia asiniulize miguu. Huyu si mwanangu."

Nilimkasirikia. Nilidhani hataki tu kuachana na mjukuu wake.

Kumridhisha, Gaspar akaandika kuuliza mama yake Mauwa kazikwa wapi. Jibu likaja kwamba tuache maswali, tutachelewesha safari. Hapo nikamwamini mama. Gaspar alipoitazama vizuri ile anwani, akaona herufi moja imezidi kwenye jina lako.

Ijumaa akaja mwanamume nadhifu, kavaa kanzu, ananiita shemeji. Alipomkuta mjumbe wa nyumba kumi tuliyemwita kakaa barazani, alisema kasahau karatasi garini. Hakurudi. Polisi wameandika maelezo yetu, lakini hadi leo hajapatikana.

Aliyeandika anatujua. Anajua jina la mtoto, anajua analelewa na bibi yake. Waangalie unaokaa nao, na ubadilishe neno lako la siri. Jambo lolote zito tupigie. Hatutafanya kitu kwa karatasi mpaka tusikie sauti yako.

Limenishinda moja. Nilipomwambia Mauwa kuwa haendi, hakulia. Aliniuliza, "Kwa hiyo baba hajaniita?" Nikamwambia akale. Tafadhali kaka, swali hilo mjibu wewe, kwa mwandiko wako.

Mama anakuombea dua kila sala. Shangazi Hamisa na Gaspar wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akuepushe na wenye nyuso mbili, akurejeshe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwamvita